Kokoto 100: jinsi ya kujua wanaoishi jirani na hifadhi wanathamini nini

Ukimuuliza anayeishi pembezoni mwa hifadhi kama msitu una faida, atasema "ndiyo", na utaondoka bila kujifunza kitu. Mpe kokoto 100 azigawe kati ya faida anazopata, penye umuhimu zaidi aweke nyingi zaidi. Kokoto aliyoiweka kwenye kuni haiwezi tena kwenda kwenye maji, na hapo ndipo uzito wa kila faida unapojitokeza.

Tenganisha wanawake wazee, wanawake vijana, wanaume wazee na wanaume vijana, watu 4 hadi 6 kwa kundi. Wakizidi hapo, wawili huongea na waliobaki hutikisa vichwa. Awepo mwezeshaji mmoja na mwandishi mmoja. Askari wa hifadhi asiwepo, hata kama anapendwa na wanakijiji, maana mbele yake kuni, dawa za miti na nyama pori hazitajwi. Kwa sababu hiyo hiyo msiandike majina ya washiriki, na waambieni hivyo kabla ya swali la kwanza.

Swali lenyewe ni hili: "Msitu huu ukitoweka, mtakosa nini?" Waache wataje wenyewe. Wakinyamaza, ulizia yale yasiyobebwa kichwani: chemchemi isiyokauka, upepo unaozuiwa, nyuki wanaochavusha mazao, mahali pa ibada na makaburi. Kila faida ichorwe kwenye kadi yake, kadi 8 hadi 12 tu. Zikiwa nyingi mno kokoto hutawanyika na tofauti hazionekani. Angalia pia kadi zisiingiliane. Ukiweka "maji" na "mto", maji yamehesabiwa mara mbili.

Sasa kila kundi ligawe kokoto zake 100 kwenye kadi kwa kujadiliana, na wawe huru kuzihamisha. Usiwaharakishe. Mkono ukichukua kokoto tatu kutoka kwenye asali na kuzipeleka kwenye maji, uliza kwa nini, na mwandishi aandike jibu kama lilivyosemwa. Maji yakipata 25, huenda ni kwa kuwa yanatosha mwaka mzima, au ni kwa kuwa yameanza kupungua. Namba ni ile ile, lakini la kufanya ni tofauti kabisa.

Hasara nazo zina haki ya kusikika: mazao yanayoliwa na wanyama, mifugo inayouawa, njia zilizofungwa, hofu ya usiku. Zipe kokoto nyingine 100. Usijaribu kutoa hasara kwenye faida, kwa sababu kila upande lazima ufike 100 na jibu litakuwa sifuri daima.

Kosa linalotuumiza zaidi ni wastani. Tuseme wanawake wameweka kokoto 30 kwenye kuni na wanaume 4: wastani wa 17 haumwelezi yeyote kati yao. Acha kila kundi na safu yake.

Swali la "ungelipa kiasi gani?" liepuke, kwani asiye na fedha atasema sifuri kwa kitu asichoweza kuishi bila hicho. Uliza angetoa siku ngapi za kazi kukilinda. Kwa kuni, pima mizigo 10 kwa mizani, kisha uliza huchukuliwa mara ngapi kwa wiki na ni mwendo wa dakika ngapi. Rudia zoezi msimu wa mvua na wa ukame, kwa sababu majibu ya ukame huelemea maji.

Kabla ya kokoto kukusanywa, soma hesabu kwa sauti mbele ya kundi. Wakisema "hapana, hapo sivyo", rekebisheni papo hapo, na nakala moja ibaki kijijini.