Friji ya chanjo idara ya dharura: ogopa baridi kuliko joto

Nimeandika haya baada ya kumwelekeza muuguzi aliyekabidhiwa friji yenye chanjo za pepopunda, homa ya ini B na kichaa cha mbwa. Zote hukaa nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Lenga 5.

Hatua ya 1: Friji iwe ya chanjo tu. Vile vifriji vyenye kichumba cha barafu ndani sivitaki, hata kwa usiku mmoja.

Hatua ya 2: Panga rafu za kati, maboksi yasiguse ukuta wa nyuma. Mlangoni weka chupa za maji. Zinazokaribia kuisha muda zikae mbele.

Hatua ya 3: Linda zisigande. Hapa ndipo wengi huharibu. Namba za kidhibiti cha kuzungusha si nyuzi. Kwenye friji nyingi, namba ikipanda baridi inazidi. Mchana mlango hautulii, kipimajoto kinasoma 9, mtu anazungusha hadi mwisho. Usiku mlango umetulia, friji inashuka chini ya sifuri, na asubuhi ikianza kufunguliwa inasoma 3, kila mtu ameridhika. Kwa hiyo mimi nadai kipimajoto kinachorekodi mfululizo. Kila zamu isome kiwango cha juu na cha chini, na kidhibiti kiguswe na mtu mmoja tu.

Chanjo za pepopunda na homa ya ini B zina chumvi za alumini. Zikiganda, chembe hushikana na nguvu hupotea, kuyeyusha hakuirudishi. Alama ya VVM (kibandiko kinachobadilika rangi kwa joto) kwenye kichupa haikusaidii hapa, inaonyesha athari za joto tu. Kilichoganda kikawa barafu hakitumiki, hakuna mjadala. Ukiwa na shaka, gandisha kwa makusudi kichupa cha mtengenezaji na bechi ileile, kiyeyuke, kisha vitikise vyote viwili pamoja sekunde 10 hadi 15. Viweke mezani, tazama kwa dakika 30. Chembe za chenye shaka zikituama chini kwa kasi sawa na za mwenzake au zaidi, kimeharibika. Kwa chanjo zisizo na alumini jaribio hili halina maana.

Hatua ya 4: Umeme ukikatika, andika saa, usifungue mlango. Ukilazimika kuhamishia kwenye kasha la baridi, pakiti za barafu ziache nje mpaka ukizitikisa usikie maji ndani, la sivyo utazigandisha chanjo ukidhani unaziokoa.

Hatua ya 5: Zilizotoka kiwangoni zitenge, ziandike USITUMIE, zibaki kwenye baridi sahihi, mpigie mfamasia. Usitupe kabla hajakujibu.