Jinsi ya kupima programu ya kubana faili kabla ya kuikabidhi data yako

Watu wengi huchagua programu ya kubana faili kwa kuangalia kitu kimoja tu: faili imepungua kiasi gani. Kwangu mimi, ninayehifadhi nyaraka za kazi kwa miaka, hicho ndicho kipimo cha mwisho. Cha kwanza ni hiki: nikija kulifungua furushi hili baadaye, kwenye kompyuta nyingine, kila kilichoingia kitatoka kama kilivyokuwa? Mwongozo huu unapima programu kwa mpangilio huo. Tenga saa chache na diski yenye nafasi ya gigabaiti 30 hivi, na kama unaweza, uwe na kompyuta ya pili yenye mfumo tofauti na wako.

Neno furushi hapa lina maana ya faili moja iliyobeba nyingine ndani yake: zip, 7z, rar, tar.gz na ndugu zake.

Hatua ya 1: Chagua fomati kwanza, programu baadaye

Programu unaweza kuibadilisha wakati wowote. Fomati inabaki na faili zako.

ZIP ilitolewa na Phil Katz mwaka 1989, na maelezo yake yakawekwa wazi kwa kila mtu. Ndiyo maana karibu kila mfumo wa kompyuta unaifungua bila kusakinisha chochote. 7z ni ya Igor Pavlov, aliyeanza kuitoa programu ya 7-Zip mwaka 1999. Nayo ni huria, na kwa kawaida hubana zaidi ya ZIP. RAR ya Eugene Roshal ilizaliwa mwaka 1993. Msimbo wa kuifungua unapatikana, lakini leseni yake inakataza kuutumia kuunda upya mbinu ya kubana. Kwa hiyo programu nyingi zitakufungulia RAR, ila ya kuitengeneza ni WinRAR na ndugu zake wa kampuni hiyohiyo. Halafu kuna tar, kutoka dunia ya Unix. Hii haibani, inakusanya tu, kisha gzip, xz au zstd ndiyo inayobana.

Jiulize nani atalifungua furushi. Kama ni mtu usiyeijua kompyuta yake, mpe ZIP. Kama ni wewe mwenyewe, una uhuru zaidi. Kama ni nakala rudufu ya folda za Linux zenye ruhusa na wamiliki tofauti, tumia tar, kwa sababu 7z haihifadhi mmiliki wa faili wala kundi lake, na maelezo rasmi ya 7-Zip yenyewe yanatahadharisha juu ya hilo.

Hatua ya 2: Tengeneza folda ya majaribio yenye visirani

Usipime kwa faili moja ya maandishi. Tengeneza folda iitwayo majaribio na uweke humo:

- faili za maandishi au kumbukumbu za mfumo, megabaiti 100 hivi;
- picha kadhaa za JPEG;
- video fupi ya megabaiti 10 pamoja na nakala yake yenye jina lingine;
- faili yenye herufi zisizo za kawaida kwenye jina, mfano *ng’ombe_señor_Žižek.txt*;
- faili tupu, na folda tupu;
- folda ndani ya folda ndani ya folda, hadi njia yake (anwani nzima ya faili kwenye diski) ipite herufi 260;
- faili moja kubwa kuliko gigabaiti 4.

Kila kimojawapo kimewahi kuishinda programu fulani. ZIP ya asili haiwezi kubeba faili inayozidi gigabaiti 4, wala zaidi ya faili 65,535 katika furushi moja. Kikomo hicho kiliondolewa na nyongeza iitwayo Zip64, lakini programu za zamani haziijui. Herufi 260 ni mpaka wa zamani wa njia za faili kwenye Windows, na bado unazinasa programu zisizojua kuuvuka. Ile faili kubwa unaweza kuitengeneza kwa amri moja. Kwenye Windows, ndani ya dirisha la amri:

`fsutil file createnew kubwa.bin 5000000000`

Kwenye Linux:

`truncate -s 5G kubwa.bin`

Imejaa sifuri tupu, kwa hiyo itabanwa hadi karibu kuisha. Iache nje unapopima ukubwa, iingize unapopima uwezo.

Hatua ya 3: Pakua kutoka kwa mwenyewe

Tovuti za kuiga ni nyingi kwenye eneo hili, na injini za utafutaji wakati mwingine huziweka juu. 7-Zip iko 7-zip.org. Kwa programu nyingine yoyote, anza kwenye ukurasa wa mradi wenyewe au kwenye duka rasmi la mfumo wako. Kwa majaribio ya kwanza ningeweka kwenye mizani 7-Zip, PeaZip, WinRAR, na ile iliyokuja na mfumo. Windows 11, tangu masasisho ya mwaka 2023, hufungua RAR na 7z yenyewe kwa kutumia maktaba huria ya libarchive, kwa hiyo huenda usihitaji kusakinisha chochote kama kazi yako ni kufungua tu. Kwenye Mac wengi hutumia Keka.

Hatua ya 4: Bana, ukiwa na saa mkononi

Kabla ya kubana, chukua alama za faili ili uwe na cha kulinganisha baadaye. Alama hapa ni mfuatano wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutoka yaliyomo kwenye faili kwa mbinu ya SHA-256; yaliyomo yakibadilika hata kidogo, nayo hubadilika. Kwenye Windows fungua PowerShell (dirisha jingine la amri) nje kidogo ya folda, kisha:

`Get-ChildItem majaribio -Recurse -File | Get-FileHash | Select-Object -ExpandProperty Hash | Sort-Object > kabla.txt`

Kwenye Linux ingia ndani ya folda:

`find . -type f -exec sha256sum {} + | sort > ../kabla.txt`

Kwenye Mac weka `shasum -a 256` mahali pa `sha256sum`.

Sasa bana folda kwa kila programu, mara moja kwa kiwango cha kawaida na mara moja kwa kiwango cha juu. Andika ukubwa, muda, na kiasi cha RAM kilichotumika (kiangalie kwenye kidhibiti cha shughuli za mfumo wakati kazi inaendelea).

Zitazame JPEG na video kwa makini: hazitapungua kitu cha maana, hata ukipandisha kiwango hadi mwisho, kwa sababu zimeshabanwa tayari. Hali ni hiyo pia kwa nyaraka za docx na xlsx, ambazo kwa ndani ni ZIP zilizopewa jina jingine. Anayekuahidi kuzipunguza picha zako kwa nusu bila kugusa ubora wake, mkimbie.

Ile video na nakala yake ndiyo sehemu ninayoipenda. Ndani ya ZIP ya kawaida zitachukua karibu megabaiti 20. Mbinu ya ZIP, iitwayo Deflate, inapotafuta marudio hukumbuka kilobaiti 32 tu za nyuma. Ikifika kwenye nakala ya pili, ya kwanza imeshasahaulika zamani. Zaidi ya hayo, ZIP hubana kila faili peke yake. Ndani ya 7z zitachukua karibu megabaiti 10, maana 7z huziunganisha faili kuwa mkondo mmoja na kukumbuka mamilioni ya baiti zilizopita. Eneo hilo la kukumbuka huitwa kamusi. Ukiikuza kamusi unapata mbano bora kwenye faili zinazofanana, na unalipa kwa RAM: kubana kwa LZMA, mbinu ya 7z, huhitaji takriban mara 10 ya ukubwa wa kamusi, au zaidi. Kufungua huhitaji kiasi kinachokaribia kamusi yenyewe. Kwa hiyo usitengeneze furushi lenye kamusi ya gigabaiti moja kisha umpelekee mtu mwenye kompyuta ya zamani.

Zikigombana programu mbili kwa asilimia moja au mbili za ukubwa, chukulia zimelingana.

Hatua ya 5: Fungua kwingine, linganisha

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo yenye uamuzi. Peleka furushi kwenye kompyuta ya pili na ulifungue kwa programu *tofauti* na iliyolitengeneza. Chukua alama tena kwa amri zilezile, ukiandika kwenye baada.txt. Halafu kwenye Windows:

`Compare-Object (Get-Content kabla.txt) (Get-Content baada.txt)`

na kwenye Linux au Mac:

`diff kabla.txt baada.txt`

Kimya ndicho jibu jema. Mstari wowote ukitokea, kuna faili iliyobadilika au iliyopotea. Kama mifumo miwili ni tofauti na muundo wa orodha haufanani, linganisha zile alama zenyewe.

Amri ya PowerShell haiangalii majina, kwa hiyo yaangalie mwenyewe. Je, *ng’ombe_señor_Žižek* imetoka salama au imekuwa alama za kuuliza? Folda tupu ipo? Tarehe za faili ni zilezile? ZIP ya asili huandika saa ya mahali ulipo, kwa hatua za sekunde mbili mbili, bila kutaja uko ukanda gani wa saa. Programu nzuri huongeza muda kamili pembeni. Isiyofanya hivyo itakusogezea saa za faili ukibadilisha ukanda, na mtu anayetegemea tarehe kujua toleo lipi ni jipya ataumia.

Hatua ya 6: Liharibu kwa makusudi

Diski huchoka na flashi huchomolewa kabla ya wakati. Tengeneza nakala ya kila furushi, ifungue kwa kihariri cha heksadesimali (programu inayoonyesha na kubadilisha baiti za faili moja moja), nenda katikati, badilisha baiti chache na uhifadhi. Kisha chukua nakala nyingine na uikate robo ya mwisho, kama upakuaji uliokatika njiani. Jaribu kuzifungua zote.

Kwenye ZIP, baiti zilizoharibika kwa kawaida huua faili moja tu, zingine zinatoka. Ikikatwa mwisho, orodha yake kuu inapotea kwa sababu hukaa mkiani, lakini kila faili ina utambulisho wake mwanzoni, hivyo programu yenye kipengele cha kukarabati inaweza kuokoa nyingi. Kwenye 7z jeraha la katikati linaweza kuchukua faili zote zinazofuata katika mkondo uleule, na ukikata mwisho mara nyingi hupati hata orodha. Hii ndiyo bei ya mbano mkali: faili zinategemeana.

RAR ina silaha hapa. Unapotengeneza furushi unaweza kuongeza rekodi ya ukarabati, tuseme asilimia 5, na uharibifu mdogo ukarekebishwa. Anayependelea ZIP au 7z anaweza kupata kinga ya aina hiyo kwa kutengeneza faili za PAR2 pembeni. Kwa nyaraka zinazokaa miaka mingi, mimi hukubali furushi kubwa kidogo lenye kinga kuliko dogo lisilo nayo.

Angalia pia programu inasema nini. Inayotoa faili mbovu bila onyo, ifute siku hiyohiyo.

Hatua ya 7: Jaribu nenosiri

Tengeneza ZIP yenye nenosiri, kisha ifungue bila kuandika nenosiri hilo. Utayaona majina ya faili zote. Kama jina lenyewe ni siri, ZIP haikufai. Tumia 7z na uwashe usimbaji wa majina (kuyaficha yasisomeke bila nenosiri), au kwa amri:

`7z a -p -mhe=on siri.7z majaribio`

Kagua pia aina ya usimbaji. ZIP ina mbinu ya zamani, ZipCrypto, ambayo Eli Biham na Paul Kocher walionyesha udhaifu wake mwaka 1994: aliye na kipande kidogo cha yaliyomo anaweza kuivunja. Bado programu kadhaa huiweka kama chaguo la kwanza ili ZIP ifunguke kila mahali. Badilisha iwe AES-256, mbinu ya usimbaji iliyo imara zaidi, na uhakikishe mpokeaji ana programu inayoielewa.

Hatua ya 8: Kagua historia ya usalama

Programu hizi hufungua vitu kutoka kwa watu usiowajua, kwa hiyo kasoro zake ni hatari. Mwaka 2019 ilifichuliwa kwamba WinRAR ilibeba maktaba ya kufungua fomati ya ACE iliyokuwa haijasasishwa tangu 2005. Furushi lililotengenezwa kwa hila liliweza kuweka faili popote kwenye diski. Mwanya mwingine ulizibwa katika toleo 6.23 la mwaka 2023, na mwingine katika 7.13 la mwaka 2025. 7-Zip nayo ilikuwa na wake, uliozibwa katika toleo 24.09. Kuwa na mwanya hakuiondoi programu kwenye orodha yangu. Ninachouliza ni kama wenyewe hujibu haraka, na kama nitajua sasisho limetoka. WinRAR na 7-Zip hazijisasishi zenyewe kwenye kompyuta ya kawaida, hivyo aliyeziweka lazima awe na utaratibu wa kukagua toleo.

Jaribio moja la Windows: pakua zip yoyote kutoka intaneti, itoe kwa programu unayoipima, kisha fungua sifa za faili iliyotoka. Chini kabisa panapaswa kuwa na onyo kwamba faili imetoka kwenye kompyuta nyingine. Likikosekana, mfumo hautakuonya ukifungua kitu hatari. Kwenye mipangilio ya 7-Zip kuna chaguo la kuhamishia onyo hilo kwenye faili zinazotolewa, liwashe.

Hatua ya 9: Ipe wiki moja ya kazi

Toa faili moja kutoka furushi la gigabaiti kadhaa. Ongeza faili, futa nyingine, tafuta kwa jina. Furushi la 7z lililounganishwa kuwa mkondo mmoja hukawia hapa, kwa sababu kuitoa faili ya mwisho kunadai kupitia zilizotangulia. Kama kazi yako ni kuchomoa kimoja kimoja kila siku, rudi ZIP au zima muunganisho huo wakati wa kubana.

Ukishaamua, weka pembeni ya kila furushi faili ndogo ya maandishi: jina la programu, toleo lake, tarehe, na alama ya SHA-256 ya furushi lenyewe. Kisha weka kikumbusho cha kulipima furushi mara moja kwa mwaka:

`7z t jina_la_furushi.7z`

Amri hiyo husoma kila kitu ndani bila kukitoa kwenye diski. Ikilalamika, chukua nakala ya pili, ithibitishe, na utengeneze nyingine mpya siku hiyo.