Linda laini kabla ya simu: hatua ninazowaonyesha wateja wangu Mwanjelwa

Nina kibanda cha uwakala na ufundi simu hapa Mwanjelwa, Mbeya. Mtu akinunua simu mpya, cha kwanza kuulizia ni kava na protekta. Sawa, vioo vinapasuka. Ila mwizi anachomoa laini, anaitia kwenye kitochi chake, na kuanzia hapo namba zote za uthibitisho zinazotumwa kwa ujumbe zinaingia kwake. Kwa hiyo tuanze na laini.

Hatua ya 1: Ifunge laini yenyewe. Hii si ile loki ya kwenye kioo. Ingia Mipangilio, kisha Usalama, utafute sehemu ya kufunga laini. Simu nyingine wameificha, kwa hiyo andika "SIM" pale juu pa kutafutia. Itakuomba PIN iliyokuja na laini. Mara nyingi imeandikwa kwenye kile kikadi ulichobandulia laini. Kama ulikitupa, usibahatishe. Ukikosea mara 3 laini inajifunga mpaka uweke PUK, yaani namba ya kuifungulia, na PUK nayo ukiikosea mara 10, laini imekufa. Piga 100 uwaulize mtandao wako. Ukishafunga, badilisha hiyo PIN, na mwaka wako wa kuzaliwa usiuweke, maana kila mtu anaanzia hapo.

Hatua ya 2: Piga *106#. Fuata maelekezo uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Tangu usajili wa alama za vidole uanze mwaka 2019, kidole ndiyo sahihi yako. Kuna vijana wa miamvuli wakikusajili wanasema, "Haijasoma mama, weka tena." Mara nyingine kweli haijasoma, mikono ya jembe na baridi ya Juni huku kwetu, mashine inasumbua. Lakini mara nyingine kidole cha pili kimesajili laini ya mtu usiyemjua. Ukikuta namba ngeni, nenda na kitambulisho duka la mtandao husika waiondoe.

Hatua ya 3: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Watu huwacheka wanaoliwa na ujumbe huu. Mimi sicheki. Tapeli hakujui; anatuma kwa watu wengi, akijua hatakosa mmoja mwenye deni siku hiyo. Mama mmoja anayeleta viazi kutoka Isyonje alikuwa anasubiri namba ya dereva wa Fuso. Ujumbe ukaingia, akatuma. Dawa ni moja: mpigie unayemdai au anayekudai kwa namba uliyoihifadhi zamani, na kabla ya kubonyeza thibitisha, soma jina linalotokea. Kisha ujumbe wenyewe upeleke 15040, namba ya kuripoti matapeli, pamoja na namba iliyoutuma.

Na yule wa "nimekosea kutuma, nirudishie"? Angalia salio kwenye menyu, usiamini ujumbe. Hata kama hela imeingia kweli, usimrudishie kwa mkono wako. Mwambie apige 100, mtandao wairudishe.

Hatua ya 4: Piga *#06#, uandike IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu yenyewe, kwenye daftari la nyumbani. Simu ikiibwa, azima ya jirani mwenye laini ya mtandao wako upige 100 wafunge laini na pesa zako kwanza. Polisi utakwenda baadaye, na daftari lako mkononi.

Ukija kibandani nikusaidie hatua ya 1, njoo na kile kikadi. PIN utaandika mwenyewe. Mimi nitageuka pembeni.