Kabla hujatia saini nyumba ya ugenini

Fleti yangu iko Uhispania. Siku niliyoipenda, dalali alinichangamkia kweli, akanitajia na wakili wa kunisaidia. Nilimshukuru, nikaenda kumtafuta wa kwangu. Huyo niliyemlipa kwa fedha yangu alichukua dondoo kutoka masjala ya ardhi, akaweka kidole kwenye mstari mmoja: rehani ya benki ilikuwa bado haijafutwa. Akadai pia cheti cha msimamizi wa jengo, ikaonekana michango ya lifti na usafi imelimbikizwa. Kule deni la michango huifuata nyumba. Mnunuzi anaweza kudaiwa la mwaka anaonunua na la miaka 3 iliyotangulia. Tuliyamaliza yote kwa kukata kwenye bei, kabla ya saini.

Kwa hiyo anza na wakili asiyekula kwa muuzaji wala kwa dalali. Notari hatoshi. Yeye huthibitisha mkataba kwa niaba ya sheria, hasimami upande wako.

Swali la kwanza la kumuuliza: mgeni anaruhusiwa kumiliki nini? Thailand, kwa kawaida mgeni hamiliki ardhi kwa jina lake, ila fleti anaweza, mradi wageni wote kwa pamoja wasizidi asilimia 49 ya eneo la fleti za jengo. Meksiko, ndani ya kilomita 50 kutoka pwani au 100 kutoka mpakani, nyumba ya kuishi hushikwa na benki kwa niaba yako. Kanada ilianza mwaka 2023 kuwazuia wageni wengi kununua nyumba za kuishi. Na mtu akikushawishi uandikishe ardhi kwa jina la mwenyeji "mnayeaminiana", tafadhali kataa. Siku mkikosana, au akifariki, hati inasema ni yake.

Nenda kaione nyumba zaidi ya mara moja, mchana na usiku, na mara moja bila dalali kukuhimiza. Mimi nilifunga mabomba yote, nikatoka kuchungulia mita ya maji. Kigurudumu kidogo chekundu kikawa kinazunguka taratibu. Bomba lilikuwa linavuja chini ya vigae vya jikoni, na juu hapakuwa na hata alama ya unyevu.

Malipo ya awali yana sheria zake. Uhispania, katika mkataba wa kawaida wa arbuni, ukijitoa unaipoteza. Muuzaji akijitoa anakurudishia mara mbili. Ufaransa mnunuzi wa nyumba ya kuishi ana siku 10 za kubadili mawazo. Kokote uliko, dai kifungu cha kurudishiwa fedha benki ikikunyima mkopo. Usitie saini lugha usiyoisoma, lipia mfasiri.

Tenga pia fedha za kodi na ada: Ufaransa, kwa nyumba ya zamani, ni kama asilimia 7 hadi 8 juu ya bei. Na kama mshahara wako ni wa sarafu nyingine, acha nafasi ya sarafu kupanda au kushuka, maana kati ya arbuni na malipo ya mwisho inaweza kupita miezi.

Halafu wasia. Wengi huuahirisha, na wanaosumbuka ni watoto. Tangu tarehe 17 Agosti 2015, katika nchi nyingi za Umoja wa Ulaya unaweza kuandika kwenye wasia kwamba mirathi yako ifuate sheria ya nchi ya uraia wako. Mimi niliandika wangu wiki ileile niliyokabidhiwa funguo, nikamwambia binti yangu ulipo.