Arbeitnehmer ni nani? Ninavyotafsiri hadhi za ajira za Kijerumani kwa Kiingereza cha kodi

Nililetewa hati ya mama mmoja mjane, mwenye miaka themanini na ushee, ambaye hajaajiriwa popote maishani mwake. Marehemu mumewe alikuwa mwalimu mwenye hadhi ya Beamter, yaani mtumishi wa umma, na mama huyu anapokea pensheni ya mjane. Amehamia Uingereza kwa bintiye, na mhasibu wa huko alihitaji kuzielewa karatasi zake. Hati yenyewe ilikuwa Lohnsteuerbescheinigung, ile ya kila mwaka inayoonyesha malipo na kodi iliyokatwa. Mstari wa 3 ulisema Bruttoarbeitslohn, yaani mshahara kabla ya makato, na barua iliyoambatana nayo ilimwita Arbeitnehmerin, yaani mwajiriwa wa kike.

Ukiandika "employee" hapo na kuendelea na safari, mhasibu ataanza kumtafuta mwajiri wa ajuza. Lakini Wajerumani hawakukosea. Kanuni ya kodi ya mishahara, LStDV, kifungu cha 1, inasema Arbeitnehmer ni mtu aliye au aliyekuwa katika utumishi wa umma au wa binafsi na anayepata malipo kutokana na utumishi huo, na papo hapo inawaingiza warithi wake wanaopokea malipo yatokanayo na utumishi wa marehemu. Kwa macho ya kodi, mjane ni Arbeitnehmer. Hata mtoto yatima anaweza kuwa.

Ndiyo maana kabla sijagusa neno lolote la Kiingereza najiuliza swali moja: hapa inasema sheria gani? Ujerumani ina sheria tatu zinazomtazama mtu yule yule, kila moja kwa jicho lake. Ya kodi ya mapato ni EStG pamoja na LStDV. Ya bima ya jamii ni SGB IV, ambayo haina haja sana na Arbeitnehmer; neno lake ni Beschäftigung, hali ya kuajiriwa, kifungu cha 7. Ya kazi inaanzia kwenye kifungu cha 611a cha BGB, sheria kuu ya kiraia, kilichoanza kutumika tarehe 1 Aprili 2017. Namba ya kifungu iliyo pembeni mwa sentensi ndiyo inayokuchagulia neno, kwa hiyo itafute kwanza. Isipokuwepo, tazama nani ameandika barua: ofisi ya kodi, Deutsche Rentenversicherung (shirika la bima ya pensheni), au mahakama ya kazi.

Chukua mkurugenzi wa GmbH, yaani kampuni yenye dhima ya kikomo, mwenye asilimia 60 ya hisa. Nimewahi kupanga karatasi zake tatu mezani, moja kando ya nyingine. Hati ya mshahara inamweka chini ya kodi ya mishahara, yaani kwa ofisi ya kodi ni Arbeitnehmer. Uamuzi wa Deutsche Rentenversicherung unasema hayumo katika abhängige Beschäftigung, ajira ya kuwa chini ya mwajiri, kwa kuwa kwa hisa zake hakuna wa kumwamuru. Mkataba wake nao ni Dienstvertrag (mkataba wa kutoa huduma), si Arbeitsvertrag (mkataba wa ajira), na kifungu cha 5 cha sheria ya mahakama za kazi kinamtoa kabisa katika kundi la Arbeitnehmer. Msomaji wa Kiingereza akiona "employee" ukurasa wa kwanza na "self-employed" ukurasa wa pili, atadhani ama kampuni inadanganya ama mtafsiri amelala. Hivyo sheria inayohusika naitaja ndani ya sentensi yenyewe: "employee for wage tax purposes", kisha "not in dependent employment for social security purposes", kisha "service agreement". Ni maneno marefu, na mteja mmoja alinisihi niyafupishe. Nilikataa, kwa sababu urefu huo ndio unaobeba ukweli wa karatasi zote tatu.

Sasa "employee" au "worker"? Sisi wa Kiswahili tofauti hii tunayo kinywani tayari. Mwajiriwa lazima awe na aliyemwajiri. Mfanyakazi anaweza kuwa yeyote afanyaye kazi. Katika sheria ya kazi ya Uingereza, ile ya haki za ajira ya 1996, "worker" ni tabaka la kati, pana kuliko "employee". Lakini kodi ya Uingereza haina tabaka hilo la kati. Ukiandika "worker" kwenye hati ya kodi, unampa msomaji hadhi isiyokuwepo katika sheria anayoijua. Kwa kodi, basi, Arbeitnehmer ni "employee". Mahali pekee ninapokubali "worker" ni pale matini inaponukuu sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu uhuru wa kwenda kufanya kazi nchi nyingine, kwa kuwa toleo la Kiingereza la mkataba wenyewe, kifungu cha 45, linasema "workers" pale ambapo la Kijerumani linasema Arbeitnehmer. Hapo si juu yako kubuni.

Beamter huwatega hata wazoefu. "Civil servant" linakubalika, ila msomaji wa Uingereza akilisikia anawaza karani wa wizara, wakati Beamter anaweza kuwa mwalimu wa hesabu, polisi au mkaguzi wa kodi. "Official" linamfanya aonekane kigogo. Mimi naandika "civil servant with public-law status (Beamter)" mara ya kwanza, kisha nabaki na Beamter hadi mwisho. Na kumbuka: kwa kodi ya mapato yeye ni Arbeitnehmer, kwa sheria ya kazi siye.

Neno lililoniumiza zaidi ni Freiberufler. Mwaka wangu wa kwanza nililigeuza "freelancer" katika barua ya msanifu majengo mwenye ofisi na wasaidizi watatu. Mhasibu aliyeisoma akauliza: huyu anayechukua kibarua huku na kule, mbona analipa mishahara ya watu watatu, na mbona hatozwi kodi ya biashara, Gewerbesteuer? Nilikosa usingizi kwa barua ile, maana mteja aliniamini.

Freiberufler ni kundi la kodi. Liko katika kifungu cha 18 cha EStG, na sheria inataja fani kwa majina: madaktari, wanasheria, wahandisi, wasanifu majengo, waandishi wa habari, na tumo sisi pia, wakalimani na watafsiri. Mtu wa fani hizo anaweza kuwa na wasaidizi wenye ujuzi na bado akabaki Freiberufler, mradi aongoze kazi na kuwajibika mwenyewe kwa ujuzi wake. Hatozwi Gewerbesteuer, kodi ya biashara inayokwenda kwa manispaa. Jirani yake mwenye duka yuko kifungu cha 15. Yeye ni Gewerbetreibender na kodi hiyo inamhusu, ingawa faida ya mtu binafsi isiyozidi euro 24,500 inasamehewa. Wote wawili Kiingereza kinawaita "self-employed", na hapo ndipo fedha zinapopotelea. Ninaandika "independent professional within the meaning of section 18 EStG" kwa wa kwanza, "trader" au "person carrying on a trade or business" kwa wa pili. "Freelancer" namwachia freier Mitarbeiter, mtu anayefanyia kampuni kazi bila kuajiriwa nayo. Hilo ni jina la uhusiano wa kazi, halisemi lolote kuhusu aina ya mapato. Kwa msomaji wa Marekani huyo anaweza kuwa "independent contractor".

Angalia pia Dienst, yaani utumishi au huduma. Kiingereza kinatenganisha dunia mbili kwa neno dogo mno: "contract of service" ni ajira, "contract for services" si ajira. Dienstvertrag ya Kijerumani inaweza kuwa yoyote kati ya hizo, kwa hiyo soma masharti: nani anapanga saa, nani anatoa maagizo, likizo inalipwa? Ila Dienstverhältnis ndani ya LStDV ni ajira moja kwa moja, nami naandika "employment relationship" bila kusita.

Scheinselbständigkeit, yaani kujiajiri kwa jina tu, litendee kwa uangalifu, kwa sababu neno lako linaweza kumtuhumu mtu. "Bogus self-employment" limezoeleka Uingereza lakini linanusa ulaghai. "Disguised employment" linadokeza kuna aliyeficha. Sheria ya Kijerumani haihitaji nia mbaya. Pande zote zinaweza kuwa ziliamini ni kazi huru, kisha mahakama ikaona vingine. Mwalimu wa muziki wa Herrenberg ni mfano ninaoukumbuka daima: tarehe 28 Juni 2022 mahakama kuu ya masuala ya jamii, Bundessozialgericht, iliamua kwamba kwa bima ya jamii alikuwa ameajiriwa, ingawa mkataba ulimwita huru. Kwa hali kama hiyo naandika "misclassification as self-employed". "Bogus" naliacha kwa matini ambazo mwandishi mwenyewe anashutumu.

Minijob, ajira ndogo yenye kikomo cha malipo ya mwezi, usiitafsiri. "Casual work" ni kosa, kwani mtu anaweza kushika Minijob miaka kumi kwa mkataba usio na kikomo. Acha neno lilivyo, ongeza "marginal employment", na utaje kikomo cha mwaka wa hati: euro 538 kwa mwezi mwaka 2024, 556 mwaka 2025, 603 mwaka 2026.

Yule mama mjane nilimwandikia "recipient of a survivor's pension, treated as an employee under German wage tax rules", na Bruttoarbeitslohn ikawa "gross employment income", huku tanbihi ikielekeza mstari wa 8, unaoonyesha kiasi gani cha fedha hizo ni Versorgungsbezüge, yaani malipo ya pensheni. Mhasibu hakurudi na swali.

Kabla ya kutuma faili yoyote, ninayatafuta ndani yake maneno matano: worker, freelancer, official, service, contractor. Kila ninapolikuta moja, narudi kwenye Kijerumani na kusoma tena namba ya kifungu.