Kabla ya kupanda basi kwenda kutibiwa saratani ya umio

Kutoka Mtwara hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilometa 550. Mionzi ya saratani ya umio, yaani njia ya chakula (wengi tunasema saratani ya koo), kwa kawaida hupigwa siku 5 kwa wiki, karibu wiki 5 au zaidi. Basi kabla ya nauli, tafuta pa kulala.

Lakini kudhoofika kwa mwili wa mgonjwa ndiko kunakoniumiza zaidi. Mjomba wangu wa Newala alipoanza kusukumia ugali wa muhogo kwa maji, tulidhani ni uzee. Tunamfikisha hospitali, kikoi kimemzunguka kiuno karibu mara mbili. Mionzi huchubua umio, kwa hiyo kumeza kunaweza kuwa kugumu zaidi kabla ya kupata nafuu. Mpime uzito kila wiki, umwanzishie mapema uji mzito wa karanga na korosho zilizosagwa, na muulize daktari kuhusu mpira wa kulishia angali ana nguvu.

Kuna pia dawa za kuamsha kinga. Saratani hufunga breki za askari wa mwili. Dawa kama nivolumab huzifungua. Mgonjwa aliyepata mionzi na kemo (dawa za kuua saratani), akapasuliwa, na mabaki ya saratani yakaonekana kwenye nyama iliyotolewa, anaweza kupewa dawa hiyo kwa dripu hadi mwaka 1. Ni ghali mno. Ulizeni bei ya mwaka mzima na bima inalipia nini, kabla hamjauza mikorosho.

Daktari aelezwe yote: kifua kikuu, homa ya ini, VVU, kisukari, ugonjwa wowote wa kinga kuushambulia mwili wenyewe, na dawa za miti shamba, hata kama mgonjwa anaona haya. Tezi ya shingo, ini, figo na sukari vipimwe kabla ya dripu ya kwanza.

Na kikohozi, jamani. Mionzi inaweza kuvimbisha mapafu, na dawa hizi za kuamsha kinga pia, hata miezi kadhaa baada ya dripu ya mwisho. Mgonjwa akisharudi nyumbani, akikohoa na kuhema, ni rahisi kudhaniwa nimonia, akapewa antibayotiki na kungojeshwa. Wakati huenda anahitaji dawa za steroidi, za kutuliza uvimbe huo, haraka. Kuhara mfululizo nako ni hivyohivyo. Kabla ya kuondoka Dar, omba karatasi yenye jina la dawa, tarehe ya dripu ya mwisho na namba ya simu ya kliniki. Toa nakala mbili: moja apelekewe daktari wa hospitali ya Ligula, Ndanda au popote mnapotibiwa, nyingine ikae kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya bima, mahali ambapo hata mtoto wa nyumba anapajua.