Jinsi ya Kuieleza Meli ya Ugavi USNS Medgar Evers

Mtu anayeandaa maelezo ya meli hii, iwe kwa darasa, kwa maonyesho au kwa maandishi ya chini ya picha, na aanze na herufi zinazotangulia jina. USS hutangulia jina la meli ya kijeshi iliyokabidhiwa askari wa majini, ilhali USNS hutangulia jina la meli ya Jeshi la Wanamaji la Marekani ambayo mabaharia wake ni raia. Kwa hiyo usiiite manowari, kwani kazi yake ni kuzilisha manowari. Kama unayo picha ya rangi, mwonyeshe msomaji mistari ya buluu na dhahabu kwenye dohani, kwa sababu ndiyo alama ya meli za kundi hilo.

Kisha fafanua namba yake, T-AKE 13. Herufi T huonyesha kwamba inaendeshwa na kamandi ya usafirishaji wa baharini, A kwamba ni meli saidizi, K kwamba hubeba shehena, na E kwamba sehemu ya shehena hiyo ni risasi na baruti. Ni ya 13 kati ya meli 14 za aina ya Lewis and Clark. Vipimo vitajwe kwa ufupi: urefu wa mita 210 hivi, upana wa mita 32, na mwendo wa takriban maili 20 za baharini kwa saa.

Sehemu inayostahili nafasi kubwa zaidi ni namna inavyogawa shehena ikiwa safarini, kwa maana hapo ndipo wasomaji wengi hushangaa. Eleza kwa mpangilio wa matukio. Meli ya ugavi hushika njia moja na mwendo mmoja bila kubadili, na manowari inayopokea huja kutoka nyuma hadi zikaenda sambamba, zikiachana kwa makumi machache tu ya mita. Kamba nyembamba hurushwa kwanza, nayo huvuta nzito zaidi, hadi waya mnene unakazwa kati ya meli hizo mbili na mizigo ikaanza kupita juu yake. Wakati huohuo helikopta zaweza kuchukua mizigo mingine kutoka sitahani. Usiache kueleza hatari iliyopo: maji yanayopita kwa kasi kati ya mbavu mbili huelekea kuzivuta meli zikaribiane, hivyo mshika usukani hana ruhusa ya kupumbaa, na mabaharia hujizoeza kuzitenganisha meli kwa haraka pakitokea dharura.

Baada ya hapo mlete mwenye jina, wala usimlete kama pambo. Medgar Evers alizaliwa mwaka 1925 Decatur, Mississippi, na katika Vita Kuu ya Pili alitumikia Jeshi la Marekani huko Ulaya katika Kombania ya 657 ya Bandari, kikosi cha askari weusi waliotengwa na wenzao weupe na kupewa kazi ya kupakia na kupakua shehena. Sentensi hii iwekwe karibu na maelezo ya mizigo ya meli, maana mara nyingi huachwa, nami naona ndiyo inayolifanya jina hili liifae meli hii kuliko meli nyingine yoyote. Aliporudi nyumbani alisoma chuo cha Alcorn, na mwaka 1954 akawa katibu wa kwanza wa uwandani wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, katika jimbo la Mississippi, akiandikisha wapigakura na kuchunguza mauaji ya watu weusi. Alipigwa risasi mbele ya nyumba yake mjini Jackson tarehe 12 Juni 1963, akazikwa kama askari huko Arlington, kwenye makaburi ya kitaifa ya wanajeshi. Taja pia kwamba muuaji wake hakutiwa hatiani hadi mwaka 1994, baada ya mabaraza mawili ya wazee wa mahakama kushindwa kuafikiana mwaka 1964.

Tarehe za meli yenyewe ziwe za mwisho. Jina lilitangazwa mwaka 2009 na Ray Mabus, Waziri wa Jeshi la Wanamaji aliyewahi kuwa gavana wa Mississippi. Mnamo Novemba 2011, huko San Diego, katika sherehe ya kuipa meli jina, chupa ilivunjwa kwenye omo na Myrlie Evers-Williams, mjane wa Medgar, ambaye usiku ule wa mauaji ya 1963 alikuwa ndani ya nyumba pamoja na watoto wao aliposikia mlio wa risasi.